Modemu Ikiunganika, Seva Inapotea: Mhadhara kwa Mafundi wa Kompyuta, Dar es Salaam

Habari za jioni, wakuu. Walioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na feni inayozunguka vizuri ni hii ya huku.

Leo tunazungumzia tatizo ambalo fundi yeyote wa mji huu atakuwa amekutana nalo. Mteja ana kompyuta iliyoungwa kwenye LAN ya ofisi, yaani mtandao wa ndani. Intaneti ya ofisi imekata, au bili haijalipwa. Anachomeka modemu ya USB, anaunganisha, intaneti inakuja. Hapohapo programu ya uhasibu inagoma na printa ya ghorofa ya pili haionekani. Akichomoa modemu, vyote vinarudi, ila intaneti hana. Anaita fundi. Fundi anabadilisha draiva (programu inayoendesha kifaa), wapi! Anapiga Windows mpya, wapi! Mwisho lawama zinaiangukia modemu, mteja anatumwa Kariakoo akanunue nyingine, na hiyo nyingine inafanya yaleyale.

Naona watu wanacheka. Sawa. Mimi nasema hivi: hapo hakuna kilichoharibika. Kompyuta inatii maagizo iliyopewa, na maagizo hayo unaweza kuyasoma kwa macho yako kabla hujagusa draiva hata moja.

Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika route print. Utaona jedwali. Kila mstari unasema: anayekwenda mtandao fulani, apitie getiwei fulani, yaani mlango wa kutokea, kwa kadi fulani ya mtandao. Mwisho wa mstari kuna namba inayoitwa metriki. Tafuta mstari unaoanza na 0.0.0.0. Huo ndio mstari wa "popote pengine", yaani safari yoyote isiyotajwa kwenye mistari mingine inatupwa huko. Ni kama mzigo usio na jina la mji pale stendi: unapakiwa kwenye basi lolote ambalo bosi wa stendi ameamua kwamba ndilo la mizigo ya aina hiyo.

Kanuni ni mbili, na zinafuata mpangilio. Kwanza, mstari unaotaja mahali kwa ukaribu zaidi unashinda mstari wa jumla. Pili, mistari ikilingana kwa hilo, wenye metriki ndogo unashinda. Mafundi wengi wanaijua ya pili, ya kwanza wanaisahau, ndiyo maana wanahangaika na metriki mahali ambapo metriki haina kesi.

Sasa modemu. Watu wanadhani mambo ya kupiga simu yalikwisha na zile modemu za kilobiti 56 zilizokuwa zinalia kama redio iliyopoteza stesheni. Tukasema mkongo wa SEACOM umefika Dar mwaka 2009, tumemaliza. Lakini angalia mipangilio ya modemu nyingi za USB za 3G: namba inayopigwa ni *99#. Bado ni simu. Na Windows inaichukulia vilevile kama ya zamani: ikiunganika tu, inaandika mstari mpya wa 0.0.0.0 unaopitia modemu, na ule wa LAN inaushusha cheo. Kwenye Windows 7 utakuta metriki ya LAN imeruka hadi elfu nne na ushee. Hiyo si hitilafu. Walioitengeneza waliamua kwamba mtu akipiga simu, anataka atoke kupitia simu.

Tuchukue ofisi nyingine, ya uwakala wa forodha jirani na bandari. Anwani ya kompyuta ya karani ni 192.168.10.34. Seva ya uhasibu ipo chumba cha pili, 192.168.10.5. Ghala lipo Barabara ya Mandela, na seva yake ya stoo ni 192.168.20.7. Kwenda ghalani unapitia rauta ya ofisi, 192.168.10.1.

Karani anachomeka modemu. Seva ya uhasibu inaendelea kupatikana. Kwa nini? Kwa sababu jedwali lina mstari unaotaja 192.168.10.0 kwa jina, na huo unashinda ule wa jumla, modemu iwepo isiwepo. Lakini 192.168.20.0 haina mstari wake. Siku zote ilikuwa inabebwa na "popote pengine" ya rauta. Sasa "popote pengine" ni modemu, kwa hiyo maombi ya stoo yanatupwa kwa kampuni ya simu, ambako anwani hiyo haina maana yoyote. 192.168 ni anwani za ndani, intaneti ya nje haizibebi.

Hiyo ndiyo dalili ya kushika: kilicho jirani kinafanya kazi, kilicho nyuma ya rauta kinapotea. Ukiiona hiyo, usiguse draiva. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

route -p add 192.168.20.0 mask 255.255.255.0 192.168.10.1

Basi. Umempa ghala mstari wake. Ile herufi p inafanya mstari ubaki hata kompyuta ikizimwa. Bila hiyo, kesho asubuhi karani atakupigia simu.

Kuna ushauri unazunguka sana kwamba uingie kwenye sifa za muunganisho wa modemu, TCP/IP, Advanced, uondoe tiki kwenye kisanduku cha Use default gateway on remote network. Ushauri huo ni mzuri kwa VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Kwa modemu ni dawa ya ugonjwa mwingine. Ukiondoa tiki hiyo, seva ya stoo itarudi kweli, lakini modemu itakuwa imeunganika bila mstari wa kutokea nje, na mteja atalalamika kwamba bando lipo na kurasa hazifunguki. Mimi simwelewi fundi anayeondoa tiki kisha anaondoka bila kufungua hata ukurasa mmoja.

Kuna na hali ya kinyume. Modemu za aina mpya hazipigi simu. Zinajitokeza kwenye Windows kama kadi ya mtandao. Za Huawei, kwa mfano, nyingi zina ukurasa wao kwenye 192.168.8.1. Hapo Windows haipendelei yeyote, inapanga metriki kwa kasi ya kiunganishi. Waya wa LAN wa gigabiti kwenye Windows 10 unapewa 25, na namba hiyo ikiwa ndogo kuliko ya modemu, ndio unaoshinda. Rauta ya ofisi imekatiwa intaneti, lakini kompyuta bado inapeleka kila kitu huko, na modemu ipo hapo inawaka taa bure. Hapa sasa metriki ndiyo kesi. Ingia kwenye sifa za kadi ya LAN, ondoa metriki ya kujipangia, weka namba kubwa kuliko ya modemu. Au, kama LAN hiyo haina intaneti kabisa wala tawi jingine, futa getiwei kwenye kadi ya LAN. Mtandao wa chumba kimoja hauhitaji getiwei. Waliozoea kujaza kila kisanduku ndio wanaojiletea balaa hili.

Halafu kuna anwani kugongana. Kipengele cha Windows XP cha kugawa intaneti kilikuwa kinaipa kadi ya LAN 192.168.0.1 bila kuuliza mtu, na kama rauta ya ofisi nayo ni 192.168.0.1, ofisi nzima inasimama. Windows za baadaye zikahamia 192.168.137.1, ugomvi ukapungua. Ila modemu na rauta zikiwa na safu ileile ya anwani, hakuna metriki wala mstari wa kukuokoa. Badilisha safu ya upande mmoja, na bora iwe ya modemu, maana ya ofisi imeshaandikwa kwenye printa na mashine kumi nyingine.

Majina nayo. Ukiipigia seva ping (amri ya kuuliza kama ipo) kwa namba inajibu, kwa jina haijibu, njia ziko sawa: tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Swali la jina limepelekwa kwenye DNS ya kampuni ya simu, nayo seva yenu haiijui. Kwa mashine moja au mbili, andika jina na namba kwenye faili la hosts, kisha ipconfig /flushdns. Mambo ya kivinjari kujipigia simu chenyewe na proksi (seva ya kati inayopitishia kurasa) iliyosahaulika nayataja tu. Yako kwenye Internet Options, Connections, na kila muunganisho una proksi yake.

Ndiyo, kaka wa shati la bluu?

"Mwalimu, sisi siku hizi hatutumii modemu. Tunachomeka simu kwa waya wa USB. Ni yaleyale?"

Ni yaleyale, upande wa kadi ya mtandao. iPhone itakupa anwani ya 172.20.10 na kitu. Android za zamani zilitoa 192.168.42, za sasa zinabadilikabadilika. Kwa hiyo angalia route print simu ikiwa imechomekwa, usikisie. Na mteja ajue kwamba kompyuta ile imefungua mlango wa nje usiopita kwenye ulinzi wa ofisi, na masasisho ya Windows yanaweza kumaliza bando kabla ya saa sita mchana. Weka muunganisho huo uhesabiwe kama wa kulipia kwa kiasi (metered connection).

Dada pale anauliza kuhusu ghala likihama. Swali zuri. Ule mstari wa p hautaondoka wenyewe. Andika route delete 192.168.20.0, kisha uandike mpya, na namba zote mbili, ya zamani na mpya, zibandikwe kwa karatasi ubavuni mwa kompyuta, maana fundi atakayekuja baada yako hatajua pa kutazama.