Starehe, Anasa na Kuendekeza: Gharama Anabeba Nani?

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Asanteni kwa kuja, maana foleni ya Barabara ya Bagamoyo saa hizi sote tunaijua.

Nazungumzia maneno ya kujipa raha. Shuleni tuliambiwa ni visawe: raha, starehe, anasa, chagua lolote utakalo. Mimi sikubali. Ukiyasikiliza mtaani, kila moja lina jibu lake kuhusu nani anayebeba gharama.

Raha na starehe ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupumzika, na lawama hayana. Mzee akitaka kuinuka ili akupishe, unamwambia, "Starehe, mzee, usinyanyuke." Vijana wa mjini husema wanakula bata, ingawa mezani kuna mishkaki na ndizi za kuchoma, bata hayupo. Kuponda raha ni zito zaidi, kwa sababu nyuma yake ipo methali ya ponda mali kufa kwaja. Anayekula bata Ijumaa anajua Jumatatu kuna kazi. Anayeponda mali ameshaifuta kesho. Limbukeni naye tumhurumie: limbuko ni mavuno ya kwanza, basi kosa lake ni ugeni tu, atazoea.

Ninapotaka tutulie ni kwenye kudekeza na kuendekeza, kwa sababu hapa lugha yetu imeona jambo kwa jicho kali sana. Mtazameni mtoto akiwa kwa bibi yake. Anaanguka, anageuka kwanza kuona kama kuna mtu, ndipo analia. Huko ndiko kudeka. Bibi akimbeba na kumpangusa magoti, amemdekeza, na hakuna aliyeumia. Mtoto huyohuyo akimpiga dada wa kazi, bibi akanyamaza, hapo ameendekezwa, na dada wa kazi ndiye aliyelipa. Tunadekeza mtu. Kuendekeza kunafika mpaka kwenye tabia: mtu anaendekeza usingizi, anaendekeza njaa, anaendekeza mapenzi. Sijasikia mtu akisema amedekeza usingizi. Na waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye walimtaja mlipaji waziwazi.

Sasa anasa. Neno hili lina kidole cha kunyooshea, na naona tunakinyoosha ovyo. Mama lishe anaamka saa kumi alfajiri, anawasha jiko, anapika chapati na supu, anasimama mpaka alasiri. Jumapili anapaka hina, anapanda daladala na wanawe kwenda Coco Beach, wanakula mihogo ya kukaanga kwa pilipili na dafu moja moja. Jirani anasema, "Siku hizi yule mama ana anasa." Mume wa jirani huyo kashinda baa tangu mchana, na kuhusu yeye tunasema anapumzisha akili. Hilo linaniuma. Fedha ya yule mama ni jasho lake, watoto wake wamekula, hakuna aliyenyang'anywa. Ile ni starehe, tena starehe halali kabisa.

Wakubwa wetu waliijua tofauti hii. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Kustarehe halikuwakataza. Lililoulizwa ni mali imetoka wapi. Kwa fedha ya wengine tuna neno letu, ubadhirifu, na ofisa aliyekula fungu la dawa za zahanati asiandikwe gazetini kwamba "alipenda anasa". Hapo mwandishi amempunguzia kosa.

Na lipo neno ambalo ningeomba wahariri mliomo humu mlitenge kabisa na haya mengine: uraibu. Kijana aliyenasa kwenye heroini, yule tunayemwita teja, watu husema anaendekeza. Anayeendekeza bado ana hiari, angetaka angeacha. Mraibu akikosa dawa mwili unatetemeka, anatapika, mifupa inauma, usingizi haupati. Ndiyo maana tangu 2011 Muhimbili wanatoa methadoni, mgonjwa anainywa mbele ya mhudumu kila siku, kama dawa nyingine ya ugonjwa wa muda mrefu. Mama wa kijana kama huyo ameshaambiwa na ukoo mzima kwamba alimdekeza, kwamba alimwendekeza, kwamba nyumba yake ilipenda starehe. Maneno matatu yasiyofanana, yote amerushiwa yeye, na hata moja halitaji ugonjwa wa mwanawe.

Karibuni kwa maswali. Naona mkono wa dada pale nyuma.