Msianzie bafuni

Jamani, nimelisema hili hadi limenichosha. Mkisimulia habari za Malkia Clytemnestra wa hadithi za Wagiriki wa kale, msianzie bafuni. Kila nikimtaja naulizwa: "Si yule aliyemuua mumewe?" Ndiye. Bafuni humo alimfunika mumewe, Mfalme Agamemnon, kwa vazi kama wavu wa samaki, akampiga mapigo matatu. Hilo mnalijua. Anzeni Aulis, bandari ambako Agamemnon alikusanya jeshi la Wagiriki.

Merikebu zimekwama, upepo wa kwenda Troy hakuna. Mtabiri Calchas anasema mungu wa kike Artemis anataka binti wa mfalme achinjwe kama sadaka. Baba mtu anaandika barua nyumbani: mlete binti yetu Iphigenia, shujaa Achilles anamuoa. Barua ya posa! Katika tamthilia ya Mgiriki Euripides, iliyochezwa mwaka 405 K.K. mwenyewe akiwa keshafariki, mama anafika na vyombo vya bibi harusi, mwanawe wa kiume, kamdogo Orestes, kamelala garini. Anauliza ukoo wa bwana harusi, anauliza karamu ya wanawake aiandalie wapi. Anauliza kama sadaka ya harusi imeshachinjwa. Mumewe anajibu: "Bado, niko mbioni."

Halafu anakutana na Achilles. Anamnyooshea mkono, mkwe wangu! Kijana anarudi nyuma. Mkwe wa nani? Hajaposa, hajatuma mtu. Wanabaki wanaoneana haya, mpaka mtumwa mzee anachungulia mlangoni na kufichua: harusi hakuna, kuna kisu.

Najua mtasema Artemis alimnyakua binti akaacha paa. Mama aliletewa habari hiyo kwa mdomo, naye hakuiamini. Wewe ungeamini? Mtasema pia alikuwa na hawara, Aegisthus. Alikuwa naye, sikatai, mume yuko vitani miaka 10. Ila Cassandra, mateka wa watu ambaye Agamemnon alirudi naye kutoka Troy, alimkosea nini Clytemnestra hata akamuua? Hapo simtetei.

Naona naonyeshwa saa. Basi mbiombio: humo humo kwa Euripides, Agamemnon alimpata mke huyu kwa kumuua mumewe wa kwanza, Tantalus, na kitoto chao kichanga. Ndiyo, kichanga. Na Orestes alipokuja kumuua mama yake kumlipizia baba, katika tamthilia za Aeschylus, 458 K.K., alishtakiwa Athens. Mungu Apollo akamtetea kwamba mama si mzazi, anatunza tu mbegu ya mwanamume. Kura zikalingana. Mungu wa kike Athena, ambaye hakuzaliwa na mama, akawa upande wa Orestes, akaachiwa.

Nilitaka kufika kwenye yale mazulia mekundu aliyotandikiwa Agamemnon aliporudi, basi tena. Maswali? Mama wa kule nyuma, naona umenuna tangu nilipomtaja Aegisthus. Karibu.