Seli za Perovskaiti: Tupime Uhai, Si Ufanisi Peke Yake

Ndugu zangu, hadithi ya ufanisi wa seli za perovskaiti, yaani seli za jua zinazotumia fuwele za aina hiyo kugeuza mwanga kuwa umeme, mnaijua: asilimia 3.8 ya nishati ya mwanga mwaka 2009, leo zaidi ya 26, na zikipandishwa juu ya seli za silikoni, zile za paneli za kawaida, zinavuka 33. Sitairudia. Narudi kwenye swali langu la siku zote: zinadumu?

Tunasoma kwamba seli fulani imedumu saa 1,000, tunapiga makofi. Saa 1,000 mfululizo hazifiki hata siku 42! Tena tuulize zilipimwa wapi. Mara nyingi ni ndani ya kisanduku cha nitrojeni, kwa joto la chumba, chini ya taa isiyozimwa. Jua gani hilo lisilotua? Paneli juu ya paa hupigwa na mwanga, joto na unyevu kwa pamoja, halafu giza, halafu jua tena. Mwanga ukiwaka, ayoni za iodidi, chembe zenye chaji zilizo ndani ya fuwele, huhama. Giza likiingia, nyingine hurudi mahali pake, nyingine hazirudi. Ndiyo maana zipo seli zinazostahimili taa ya mfululizo, lakini zikipitishwa mchana na usiku huchoka upesi. Na silikoni tunayotaka kushindana nayo huuzwa kwa dhamana ya miaka 25. Kwa saa 5 za jua kamili kila siku, hizo ni zaidi ya saa 45,000.

Najua kuna atakayesema: weka vioo viwili, ziba kingo, kazi imekwisha. Haijaisha! Kioo huzuia maji na oksijeni, nami nakitaka. Joto je? Methilamonia, sehemu ya kikaboni ya fuwele, hutengana na kutoroka kwa joto, ikabaki iodidi ya risasi, ile njano tunayoiogopa. Tukakimbilia formamidini badala yake; nayo ikiwa peke yake, kwa joto la kawaida hugeuka kutoka umbo jeusi linalofanya kazi kwenda la njano lisilofaa, hivyo tunaichanganya na metali ya siziamu katika umbo la ayoni. Hayo yote yanatokea ndani, nyuma ya kioo chako.

Elektrodi za fedha, zinazotoa umeme nje ya seli, huliwa na iodidi, hilo mnalijua. Kivuli kikiangukia seli moja, mkondo wa seli nyingine unaolazimishwa kupita humo kinyume huiharibu. Leo sina muda na hayo mawili.

Ninachodai ni hiki. Kipimo cha nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000 kifanyike, na kando yake kingine cha joto na mwanga pamoja, taa ikiwashwa na kuzimwa. Na mtuandikie seli zote mlizopima, pamoja na zilizokufa, si ile moja iliyong'ara.