Mpaka Utakapouliziwa: Mhadhara Kuhusu Kupata Watu Katika Mtaa Mgeni

Ndugu wasikilizaji, naomba tuanzie siku ya nne baada ya kuhama. Siku ya kwanza mtu hana nafasi ya kuwa mpweke, kwa sababu vyombo vinashushwa, mafundi wanaingia na kutoka, na ndugu waliokuja kusaidia wanabishana kabati likae wapi. Siku ya pili na ya tatu huishia katika kufungua maboksi. Siku ya nne mapazia yamekwisha kutundikwa, waliosaidia wamerudi makwao, na jioni inapoingia mwenye nyumba anang'amua kwamba simu yake ina majina mamia kadhaa, ila hakuna hata moja la mtu awezaye kufika mlangoni pake kwa miguu. Jioni hiyo, pamoja na miezi inayoifuata, ndiyo ninayotaka tuizungumzie, maana nimeipitia mwenyewe na nimewaona wengi wakiipitia kimyakimya, kila mmoja akidhani kwamba ana kasoro ya tabia.

Upweke huo una sababu inayoeleweka. Katika mtaa tuliouacha kulikuwa na watu ambao hatukuwahi kuwaita marafiki, lakini walitujua: mlinzi wa lango, mama aliyekuwa akimwagilia maua kila alfajiri, mzee tuliyekuwa tukisimama naye kituo kimoja cha basi. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika makala aliyoichapisha mwaka 1973, aliyaita mahusiano ya namna hii mahusiano hafifu, akaonyesha kwamba habari za kazi mara nyingi humfikia mtu kupitia wale anaoonana nao kwa nadra, kwa kuwa marafiki wa karibu huzunguka katika habari zilezile anazozijua yeye. Mimi naongeza jambo moja ambalo aliyehama hulihisi mwilini. Rafiki wa dhati anaweza kupigiwa simu hata akiwa mbali, lakini yule mzee wa kituoni hapigiwi simu, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitushuhudia kila asubuhi kwamba tupo. Tukihama, ushahidi huo hukatika siku moja, na hakuna anayetupa pole kwa kuupoteza.

Hoja yangu ya leo ni moja. Rafiki katika mtaa mpya hupatikana kwa kuonekana, tena kuonekana mahali palepale, saa zilezile, na watu walewale, kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Ukarimu, ucheshi na mazungumzo matamu vina nafasi yake, lakini hujengwa juu ya msingi huo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa zamani kidogo. Ulikusanywa katika nyumba za wanafunzi wenye familia wa chuo cha MIT nchini Marekani, ukachapishwa mwaka 1950 na Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back. Familia hizo hazikuchagua majirani. Kila moja ilipewa nyumba kadiri nafasi ilivyopatikana. Hata hivyo, wakazi walipoulizwa ni akina nani wanaochangamana nao zaidi, asilimia 41 ya waliopakana mlango kwa mlango walitajana, na idadi hiyo ikashuka hadi asilimia 22 kwa waliotenganishwa na mlango mmoja, kisha asilimia 10 kwa waliokaa ncha mbili za ukumbi uleule. Umbali tunaouzungumzia ni wa hatua chache tu. Kilichonigusa kuliko takwimu hizo ni habari ya ngazi: wakazi wa chini ambao milango yao ilikuwa karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu kuliko wenzao wa chini, kwa sababu kila apandaye na kila ashukaye alipita mbele yao.

Mtu anaweza kusema kwamba majirani hao walizungumza, na kwamba mazungumzo ndiyo yaliyowaunganisha. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach walichapisha jaribio ambalo ndani yake wanawake wanne waliofanana kwa mwonekano walihudhuria darasa moja la chuo kikuu kwa idadi tofauti za siku: mmoja hakufika kabisa, wengine walifika mara 5, mara 10 na mara 15. Waliingia, wakaketi mbele, wakatoka bila kusema na mwanafunzi yeyote. Mwisho wa muhula wanafunzi walionyeshwa picha zao, na kadiri mwanamke alivyokuwa amefika mara nyingi ndivyo walivyomwona ni mtu wa kupendeza na wa kuvutia, ingawa karibu hakuna aliyekumbuka kumjua. Nikiwaza juu ya mhamiaji anayerudi nyumbani akijilaumu kwamba amekaa kikaoni saa nzima bila kusema neno, natamani angelijua jambo hili, kwamba saa ile haikupotea.

Basi aliyehama na ajitafutie ngazi yake. Namaanisha shughuli moja, iliyo karibu kiasi cha kufikika kwa miguu, inayofanyika kila wiki, na inayokutanisha watu walewale: kwaya, mazoezi ya asubuhi, kikundi cha kusoma maktabani, nyumba ya ibada, kazi ya kujitolea ya kusafisha mtaa. Aina ya shughuli haina uzito mkubwa kama wengi wanavyofikiri. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mtu kujaribu vikundi vitano katika miezi miwili, kila kimoja mara moja au mbili, kisha kuhitimisha kwamba watu wa mtaa ule ni wagumu. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2018, alikadiria kwamba huchukua saa 50 hivi za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi ili awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Tupige hesabu. Kikundi cha saa mbili kwa wiki kitahitaji wiki 25, yaani karibu nusu mwaka, ili kuzifikia saa 50 za mwanzo. Anayekata tamaa wiki ya tatu ana saa sita tu mkononi, na amejihukumu kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Jambo la pili linahusu kuomba, na hapa nitaeleza lililonikuta. Nilipohamia ninapoishi sasa, taa ya nje iliungua, nami sikuwa na kitu cha kupandia. Kwa siku kadhaa niliingia gizani, nikiona haya kumsumbua mtu nisiyemjua. Mwishowe nilibisha hodi kwa mzee wa nyumba ya tatu, nikamwomba ngazi. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, ngazi yangu ina mguu mmoja mfupi, lazima mtu aishike," akaichukua begani kabla sijajibu. Alisimama chini akiwa ameukanyaga ule mguu mfupi, huku amezishika nguzo mbili kwa mikono yote, nami juu nikihangaika na skrubu iliyoshika kutu. Kazi ya dakika tano ilichukua robo tatu ya saa. Katika muda huo nilijua aliwahi kuwa fundi cherehani, nilijua mkewe anaumwa magoti, naye alijua nimetoka wapi na nimehamia kwa nini. Laiti ngazi ile ingekuwa nzima, angenipa, ningeirudisha na kushukuru, na jambo likaishia hapo.

Tangu siku hiyo nawasihi waliohama waombe vitu vidogo mapema, hata kabla ya kutoa. Anayetoa tu humweka jirani katika deni, lakini anayeomba humpa jirani heshima ya kuwa mwenyeji, na wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walijua kwamba mwenyeji naye ana haja yake. Tena yule tunayeogopa kumsumbua mara nyingi ametupenda kuliko tunavyodhani. Mwanasaikolojia Erica Boothby na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba watu wawili wasiojuana wakimaliza kuzungumza, kila mmoja hukadiria kwamba mwenziwe amempenda kidogo kuliko alivyompenda kweli, na kwa wanafunzi waliokaa pamoja bwenini makadirio hayo yenye kosa yalidumu kwa miezi. Tunaagana pale langoni, kila mtu akirudi ndani na hofu iliyo sawa na ya mwenzake.

Sitaki kuubebesha moyo wa mtu mzigo wote, kwa maana mtaa wenyewe nao una mchango. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alilinganisha barabara tatu za makazi katika jiji la San Francisco. Wakazi wa barabara iliyopitiwa na magari 2,000 hivi kwa siku walikuwa, kwa wastani, na marafiki 3 na watu 6.3 wa kufahamiana nao katika barabara yao. Wa barabara ya magari 16,000 walikuwa na rafiki 0.9 na wafahamiana 3.1. Mitaa mingi ya viungani ina shida nyingine iliyo karibu na hiyo: mtu huondoka nyumbani akiwa ndani ya gari lango likiwa limefunguliwa, akarudi vilevile, na mwaka ukapita majirani wakijuana kwa rangi za magari. Anayeishi mahali kama hapo hana budi kutengeneza kwa makusudi kile ambacho barabara tulivu ingempa bure. Aende kwa miguu pale ambapo angeweza kwenda kwa gari, akae mbele ya nyumba badala ya nyuma. Aliyehamia mtaa mpya kabisa ana unafuu. Mwanasosholojia Herbert Gans, aliyehamia Levittown, mtaa uliokuwa ndiyo kwanza unajengwa katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, mwaka 1958 na kuishi humo miaka miwili akiwachunguza wenziwe, aliona kwamba wakazi wa mwanzo walizoeana upesi, kwa kuwa wote walikuwa wageni kwa pamoja. Anayehamia mtaa uliokwisha kuota mizizi huwakuta watu wana marafiki wa kuwatosha, naye asichukulie ushibe wao kuwa ni chuki.

Makundi ya mtaa katika simu yanafaa kwa habari za maji kukatika na mbwa aliyepotea. Yamsaidie mtu kujua watu wanakutana wapi, kisha aiweke simu mfukoni aende. Kuhusu marafiki wa zamani, tuwatunze, lakini jioni zote za wiki zikiishia katika simu zao, hakuna saa itakayobaki ya kuwaweka wapya.

Nimalizie na wenye haya, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Mwenye haya akiambiwa "changanyika na watu" hajaambiwa kitu. Apewe kazi. Katika kikundi cha kusoma nilichojiunga nacho, nilijipa jukumu la kufika robo saa mapema na kupanga viti, kwa kuwa anayepanga viti ana sababu ya kuwepo, ana la kufanya kwa mikono yake, na kila anayeingia humsalimu. Nilifanya hivyo kwa miezi, nikizungumza kidogo sana. Kisha nikashikwa na homa, nikakosa wiki mbili mfululizo. Jumamosi ya wiki ya pili, jioni, nikasikia hodi langoni. Alikuwa mama mmoja mtu mzima ambaye huketi safu ya tatu karibu na dirisha, naye alikuwa ameulizia nyumba hadi nyumba kutokea kona ya barabara.

"Mwanangu," aliniuliza, "wewe ndiye unayetupangia viti?"

Nikamjibu kwamba ndiye mimi. Akaingia, akaketi, akanitazama vizuri, kisha akaniuliza jina langu. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja mara 29.