Geuza Uone Nyuma: Maongezi Kuhusu Kukusanya Alama za Sare za Jeshi la Kijerumani

Habari za jioni jamani, wa nyuma mnanisikia? Haya. Muda ni mdogo, kwa hiyo naanza na hii bizimu, kile chuma cha mbele cha mkanda, ipitisheni mkono kwa mkono. Ni ya Prussia, ufalme mmoja wa Ujerumani ya zamani, vita ya kwanza ya dunia, mnaona taji katikati na maneno Gott mit uns, yaani Mungu yuko nasi. Kila anayeishika anaangalia mbele. Mimi nasema geuzeni, maana mtengeneza feki naye anahangaika na mbele tu, akifika nyuma kashachoka.

Hizi za chuma zilizopakwa rangi ya kijivu zilianza 1915, kabla yake walitumia shaba, ila vita ikaimeza shaba yote. Bamba jembamba linagongwa kwa mashine, kwa hiyo nyuma lazima uone taji limebonyea kinyume. Mimi ya kwanza kununua nilitoa hela nzuri tu, muuzaji kanipa na stori ya babu yake mpaka machozi yananilenga, nafika nyumbani nageuza, nyuma bapa kama sahani halafu vishimo vishimo, limemiminwa kwenye kalibu wiki ile ile nadhani! Stori ilikuwa tamu, babu ndo hakuwepo.

Halafu kumbukeni Ujerumani ya Kaiser, mfalme wao mkuu, ilikuwa na falme nne ndani yake, kila moja na maneno yake. Wa Bavaria utaona In Treue fest, wa Saxony Providentiae Memor, Kilatini kabisa. Ukikuta koti la Bavaria na mkanda wa Prussia, uliza kwanza nani kaviunganisha.

Msalaba wa Chuma, ile nishani ya vita iliyoanzishwa 1813, kiini chake kawaida ni chuma kweli na ukingo wa fedha, kwa hiyo tembea na sumaku. Zipo chache halisi zisizoshika, lakini usianze na hizo.

Nguo sasa. Jeshi la miaka ya 1930 na 40 kila kikosi kilikuwa na rangi yake begani, nyeupe askari wa miguu, nyekundu mizinga, na watu wa vifaru pinki, ndiyo, pinki, msicheke. Chukua ile taa ya kukagua noti feki, mulika uzi gizani. Ukiwaka buluu-nyeupe, shaka, maana dawa za kung'arisha nyuzi zilienea baada ya vita. Ila kuna mama mmoja alifua koti halisi la zamani kwa sabuni ya siku hizi, likawaka kama taa ya baa, kwa hiyo mulika na upande wa ndani wa mshono, sabuni huko haifiki vizuri.

Na zenye swastika, ile alama ya Wanazi wa Hitler, kule Ujerumani kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuzionyesha hadharani, isipokuwa kwa mambo kama elimu na utafiti. Mimi sizitundiki ukutani, zinakaa kwenye droo na maelezo yake, aliyevaa alikuwa anatumikia nini tunajua.

Ninazozitafuta mwenyewe ni zile za huku kwetu. Wissmann, ofisa wa Kijerumani aliyetumwa huku Afrika Mashariki, alipokusanya askari 1889 wengi walikuwa Wasudani aliowachukua Cairo, vyeo vikaja na majina ya Kituruki: ombasha tepe moja, shaushi mbili, bashaushi tatu, sol nne, tepe nyekundu mkono wa kushoto. Afande nalo ni neno la Kituruki. Misalaba ya maofisa imejaa kwenye minada Ulaya, tepe ya ombasha kuiona ni shida, kitambaa kilichakaa mwilini mwa mtu porini, nani angekitunza? Kwa hiyo ukiuziwa tepe safi, nyekundu inang'aa, geuza mara mbili.

Haya, aliyekuja na kitu mfukoni akilete hapa mezani, taa ninayo.