Baraza la Watoto Walioachwa, Firenze

Haya jamani, karibuni tena. Salamu kwa Malindi na Watamu, na kwa nyote mnaonitazama mkiwa mbali na nyumbani kama mimi. Leo tuko Firenze, Italia, uwanja wa Santissima Annunziata. Tazameni nyuma yangu: ngazi, halafu baraza refu lenye matao tisa. Ukiliona hivi hivi utadhani ni kasri la tajiri. Kumbe lilijengwa kwa ajili ya vichanga waliokosa wa kuwalea. Ndilo Ospedale degli Innocenti.

Pesa zilitoka wapi? Mfanyabiashara wa Prato, Francesco Datini, alipofariki mwaka 1410 aliacha wasia wa floreni 1,000, sarafu za dhahabu za Firenze, za kuanzishia. Chama cha mafundi na wafanyabiashara wa hariri kikaubeba mzigo. Mwaka 1419 kazi ya kulisanifu jengo akapewa Filippo Brunelleschi, sonara kwa ufundi wake wa kwanza, na masonara walikuwa chini ya chama hichohicho. Ndiyo, hata enzi hizo kujuana kulisaidia.

Sasa njooni tusimame hapa barazani. Nguzo hii urefu wake ni dhiraa 10 za Firenze, kama mita 5.8. Kutoka nguzo hii hadi ile, dhiraa 10. Kutoka nguzo hadi ukutani, 10 tena. Kwa hiyo kila nafasi ni mchemraba mmoja, na juu umefunikwa na kuba dogo. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi! Rangi nazo ni mbili tu: jiwe la kijivu wanaloliita pietra serena, na lipu nyeupe. Mji huu una makanisa yaliyovikwa marmaru hadi yanaumiza macho, lakini mimi hapa ndipo ninapopata raha. Na si mimi peke yangu, waoneni wale wanafunzi kwenye ngazi, wanapiga soga kama wazee kwenye baraza za Lamu.

Hebu niinue kamera. Hiyo miduara ya buluu kati ya matao Brunelleschi aliiacha mitupu. Mwaka 1487 mchongaji Andrea della Robbia akaweka hao watoto weupe wa udongo wa kuchomwa, kila mmoja amezongwa vitambaa, wengine vimeanza kuwalegea. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimechukua nembo yake hapo.

Jengo lilifunguliwa Januari 1445. Februari 5, siku ya Mtakatifu Agata, akaletwa mtoto wa kwanza, msichana, wakamwita Agata Smeralda. Mwanzoni waliwekwa kwenye beseni la jiwe. Baadaye likaja dirisha la nondo, hili hapa mwisho wa baraza. Nondo zinapitisha kichanga tu. Aliyekwisha kukua hapiti. Lilifungwa mwaka 1875.

Ndani kwenye makumbusho wametunza vitu walivyoachiwa watoto: nusu ya sarafu, nusu ya medali. Nusu ya pili alibaki nayo mzazi, ili siku akirudi vipande vikutane. Wengi hawakurudi, na watoto wengi hawakuishi. Hapo ndipo ninapokosana na wanaolisifu jengo hili kana kwamba matao yalinyonyesha. Vichanga walipelekwa mashambani kwa wanawake wa kunyonyesha kwa malipo. Waliosalia, wavulana walifundishwa kusoma na ufundi, wasichana kufuma. Hata nyua ni mbili: wa wanaume uko katikati, mpana, wa wanawake uko pembeni, mrefu na mwembamba, nguzo zake kama vijiti. Ni mzuri sana, na ukisimama pale unahisi umefungiwa kwa adabu.

Mnaouliza kama watoto bado wapo: wapo. Taasisi hii bado inaendesha vituo vya kulelea wadogo, na kituo cha utafiti cha UNICEF kilianzia humu mwaka 1988. Juu kabisa, walipokuwa wakianika nguo, sasa ni mkahawa, na ukiwa pale unaliona kuba la kanisa kuu, kazi ya Brunelleschi huyohuyo. Ndiko ninakopanda sasa. Kahawa ya kutazamia kuba haina bei ya kijiweni, kwa hiyo msiniulize nimelipa ngapi.