Sauti Hutangulia Picha: Mwigizaji Asiyeona Katika Filamu za Katuni

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, waigizaji na waongozaji wenzangu, na hasa ninyi vijana mliokuja na fimbo zenu nyeupe mkaketi safu ya mbele.

Walionisikia siku zilizopita wanajua nitaanzia wapi, nami sina mahali pengine pa kuanzia mpaka neno hili litakaposikika. Nimeongoza michezo ya redio kwa miaka mingi, na tangu nilipoanza kufundisha uigizaji wa sauti nimekuwa nikiulizwa swali lile lile: mwanamke asiyeona atampaje sauti mhusika wa katuni asiyemwona? Anayeuliza hudhani kwamba mwigizaji husimama mbele ya picha iliyokwisha kuchorwa, akaitazama, kisha akaipa maneno. Katika katuni inayotungwa upya, kama zile za Ubongo Kids zilizoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 2014, kawaida ya kazi ni kinyume chake. Sauti hurekodiwa kwanza. Mchoraji huipokea, akaipima silabi kwa silabi, akajua mdomo ufunguke lini na ufumbwe lini, bega lipande wapi na pumzi ishuke wapi, ndipo akachora. Siku ya kurekodi, kilichopo ni michoro michache ya umbo la mhusika, na umbo hilo laweza kuelezwa kwa maneno katika dakika mbili: ni bibi mfupi, mnene, anatembea kwa kuyumba, meno mawili ya mbele hayapo. Basi anayeona na asiyeona huingia studio wakiwa sawa, kwa kuwa wote wawili wanaigiza kitu ambacho bado hakijawapo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na katika chombo hiki mbao za kwanza ni sauti.

Najua kuna mtu hapa ambaye tayari ameandaa jibu. Atasema kwamba kazi nyingi hapa kwetu ni kutia Kiswahili katika filamu za nje, kama ilivyofanyika kwa tamthilia ya Kichina ya Doudou iliyooneshwa na televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, mwaka 2011, na kwamba huko picha imekwisha tangulia, mdomo unakwenda, na lazima uufuate. Naomba tukae hapa, hata kama tutakaa sana, kwa sababu hapa ndipo wasichana wengi wanaporudishwa nyumbani.

Mwigizaji anayetia sauti huvaa hedifoni. Kabla ya sentensi yake husikia milio mitatu mifupi, yenye nafasi sawa kati yake, na sentensi huanza pale ambapo mlio wa nne ungelia. Mlio wa nne haupo. Mwigizaji huubeba mwenyewe, kama mwimbaji wa taarabu anavyobeba pigo la ngoma anapongoja kuingia. Zaidi ya hayo, sauti ya mwigizaji wa kwanza huwa inapita masikioni mwake, nayo humweleza urefu wa sentensi, mahali pa kuvuta pumzi, neno lililokatizwa na kicheko kilichomezwa. Nawauliza wale waliowahi kuketi mbele ya mitambo: katika yote hayo, lipi linahitaji jicho?

Nilikuwa na mwanafunzi asiyeona katika darasa la watu tisa. Niliwapa wote kipande kimoja, mzozo wa kuku na jirani yake, sentensi kumi na moja za haraka. Wenzake waliikazia macho midomo ya kuku, na karibu kila mmoja aliingia akiwa amechelewa kidogo, kwa sababu anayengoja kuuona mdomo ukifunguka husema baada ya mdomo kufunguka. Yeye aliomba kusikia kipande chote mara mbili. Mara ya kwanza alitulia kabisa. Mara ya pili nilimwona akihesabu kwa kidole pajani. Tuliporekodi, sentensi tisa kati ya kumi na moja ziliingia bila kurudiwa. Sisemi kwamba Mungu alipochukua macho aliongeza masikio. Maneno hayo yamewachosha wasioona, nayo yanawanyima sifa ya jasho lao. Msichana yule alikuwa amekulia karibu na redio, akisikiliza michezo na kuigiza sauti za watu wote nyumbani kwao. Aliyoyaonyesha ni matunda ya mazoezi.

Sentensi mbili alizokosa zilikuwa na mambo yasiyosikika: kuku anajikwaa, kisha anatazama nyuma kwa hofu. Nilimweleza, akarudia, ikaisha. Kumweleza kulinichukua muda mfupi kuliko ule tunaoupoteza kila siku kwa karatasi zinazochakarika mbele ya kipaza sauti.

Sasa nieleze mlango ulipofungwa. Mwaka uliofuata msichana huyo aliitwa kwenye usaili wa katuni. Mswada alitumiwa usiku, kwa WhatsApp, ukiwa umepigwa picha. Programu ya simu yake ingemsomea maandishi, lakini picha zile za karatasi iliyopindapinda haikuweza kuzisoma. Mdogo wake alimsomea mpaka saa sita, naye akaushika wote kwa moyo. Asubuhi alipofika, kurasa mbili zilikuwa zimebadilishwa, akapewa karatasi mpya mkononi, na alipoeleza hali yake akaambiwa kwamba ataitwa itakapopatikana kazi inayomfaa. Hakuna aliyemsikia akitamka hata sentensi moja. Nikikumbuka jambo hilo sauti yangu hupanda, nanyi mtanisamehe.

Njia zipo, wala si za jana. Yuko anayesoma kwa nukta nundu, karatasi ikiwa juu ya kitambaa ili vidole visisikike, au kwa mashine ambayo nukta zake hupanda na kushuka. Kwa kuwa nukta hizo hulia kidogo mstari unapobadilika, msomaji huubadilisha kati ya sentensi na sentensi. Yuko anayesomewa na kompyuta sikioni. Mmarekani Pete Gustin, ambaye macho yake yalianza kufifia utotoni, amejenga kazi yake ya sauti hivyo: kompyuta hutamka, naye hufuata nyuma yake mara moja, maneno yakiwa ya mswada na hisia zikiwa zake. Programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti maandishi ya kompyuta, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na watu wawili wasioona, hupatikana bure, na sauti ya eSpeak inayokuja nayo husoma Kiswahili. Watu hulalamika kwamba sauti hiyo ni kavu. Kwa mwigizaji ukavu huo ni neema, kwani haumlazimishi kuiga hisia za mtu mwingine.

Muda unanibana, kwa hiyo mengine nitayagusa tu. Katika katuni ya Kimarekani ya Avatar: The Last Airbender, mwaka 2006 aliingia msichana asiyeona aitwaye Toph, anayeitambua dunia kwa mtetemo wa ardhi nyayoni mwake. Sauti yake ilitolewa na Jessie Flower, anayeona, tena aliitoa vizuri. Ningependa wahusika wa namna hiyo wawaendee wasioona, lakini ningehuzunika zaidi kama wangepewa hao tu. Mwanafunzi wangu anataka kuwa sungura, fisi na bibi asiye na meno.

Kuhusu sheria, ile ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Studio zetu nyingi zina watu watano, na waigizaji hulipwa kwa kipindi, kwa hiyo tusikae tukiingojea sheria hiyo.

Ninachowaomba waongozaji leo ni kitu kidogo. Mswada utumwe ukiwa maandishi, usiwe picha, siku mbili kabla. Ukibadilishwa asubuhi, mtu ausome kwa sauti mara mbili. Kisha mwacheni mwigizaji aigize ndipo mwamue.

Msichana niliyemtaja yuko hapa mbele, na mswada alioupokea juzi hajawahi kuigiza mbele ya watu. Filamu itaoneshwa ukutani nyuma yake, ili ninyi mpime midomo. Fundi mitambo, tafadhali, milio mitatu.